Sauti ya Mama Jomar

Ijumaa, 3 Oktoba

Daktari kasema niandike. Presha iko juu, usingizi hauji, na dawa hataki kuniongezea. Kasema kila siku niandike kinachonisumbua, hata kama ni mstari mmoja. Haya, kinachonisumbua leo ni simu.

Binti yetu Diane alimleta yule kijana wake nyumbani kwa mara ya pili. Anaitwa Jomar. Kazaliwa hapa hapa Stockholm, mama yake ni Mfilipino, baba yake alikufa yeye Jomar akiwa mdogo. Ni muuguzi, mpole, na akiingia anaushika mkono wangu anaupeleka kwenye paji la uso wake. Wanasema ndiyo heshima yao. Mimi bado sijui uso wangu niuweke vipi wakati huo.

Tulikuwa tunakula, mama yake akapiga, naye akapokea palepale mezani. Sauti ya yule mama ilitoka kwenye simu nikaacha kutafuna. Maneno yanakimbia, yanakatwa kooni ghafla, halafu yanaanza upya juu zaidi. Neno moja linasemwa mara mbili mbili. Ile ng' ya ng'ombe, ambayo Birgitta, Mswidi wa kazini kwetu, miaka tisa sasa inamshinda mwanzoni mwa neno, kwao imejaa kila mahali. Katikati unasikia Kihispania kidogo, Kiingereza kidogo, kisha mbio tena. Jomar naye akajibu hivyo hivyo. Nikasema moyoni, hawa wanatukanana mbele ya samaki wangu.

Alipokata simu nilimwuliza mama ana shida gani. Akashangaa. Kasema mama aliuliza tu tunakula nini.

Sikuamini.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Nimesafisha mifereji ya shule nzima kazini kule Sundbyberg, na bado maji yanasimama mlangoni.

Wakati wa kahawa niliwasikilizisha wenzangu ujumbe wa sauti ambao Jomar alikuwa amenitumia kwa bahati mbaya, uliokuwa wa mama yake. Owuor, Mkenya tunayefanya naye kazi, kasema hao wanakimbilia basi. Birgitta kasema ni Kihispania ambacho mtu amekichomoa vipande. Mwalimu wa hesabu kasema kinampumzisha, kama mtu anayepiga ngoma kwa vidole juu ya meza. Kila mtu na masikio yake. Mimi nimeshikilia langu: wanagombana.

Jioni nilimsikilizisha mke wangu Colombe. Akacheka. Yeye ni wa Uvira, mimi wa Bwiza kule Bujumbura, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Kasema anasikia wanawake wa sokoni kwao siku mukeke, wale samaki wa ziwa letu, umevuliwa mwingi.

"Lakini wale hawagombani," nikamwambia.

"Basi na hawa hawagombani. Weye Juvénal, masikio yako iko na kisirani."

Alhamisi, 9 Oktoba

Upepo tu. Presha ile ile.

Jumapili, 12 Oktoba

Leo nimekwenda misa ya Wafilipino. Nilimwambia Colombe nakwenda kutembea, kumbe nilipanga tangu Jumatano. Nilikaa benchi la nyuma.

Wakisali, lugha ile inalainika kabisa. Hakuna mbio, hakuna kukatwa kooni. Nikaanza kufikiri nimewaonea. Lakini misa ilipokwisha wakatoka kwenye ukumbi wa chakula, na kelele ikaanza upya: wanawake kumi wanasema kwa pamoja, hakuna anayemsubiri mwenzake, na katikati yao mama mfupi mwenye koti jekundu ambaye sauti yake niliitambua kabla sijamwona. Jomar akaniona. Ikabidi nisalimie.

Jambo la ajabu ni kwamba Mama Jomar alipogeukia kwangu na kusema Kiswidi, sauti yake ilipotea. Akawa mtu mwingine, anachagua maneno, anaomba radhi kabla hajakosea. Nami nikamjibu kwa Kiswidi changu ambacho nacho kina sauti ya mtu anayeomba ruhusa. Tukasimama pale tukiwa wapole wawili. Nilirudi nyumbani bila kutulia, na nimezunguka mtaa wote wa Bredäng mara mbili kabla ya kupanda ghorofani.

Alhamisi, 23 Oktoba

Leo naandika kwa hasira.

Nimefika nyumbani saa kumi. Mlango wa chumba cha Diane ulikuwa umefungwa na ndani nikasikia Kitagalog, ile lugha yao Wafilipino. Nikadhani ni simu imewekwa sauti ya juu. Nikasimama kwenye korido na koti mwilini. Ilikuwa sauti moja tu, ikisema, ikinyamaza, ikicheka, ikisema tena. Ilikuwa sauti ya binti yangu.

Ana mwezi wa nane tu na yule kijana. Mwezi wa nane, na tayari anakatia maneno kooni kama wao. Kila baada ya sentensi alikuwa anaweka kisauti kidogo, po, kama tone la maji. Colombe kaniambia hiyo ni adabu, unaiweka unapozungumza na mkubwa.

Mimi ni baba yake miaka ishirini na sita. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi. Nilimwimbia Kiswahili, nilimgombeza Kiswahili, nilimpeleka kila Jumamosi kwa Mama Elvire kufundishwa kusoma, na hadi leo akinitaka chumvi anaitaka kwa Kiswidi. Nilijiambia ulimi wake mzito, watoto wa huku ndivyo walivyo. Kumbe ulimi ni mwepesi, ila mizigo yangu ndiyo hataki kuibeba.

Nimeumia. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Jumapili, 26 Oktoba

Saa za huku zimerudishwa nyuma kwa ajili ya majira ya baridi. Saa kumi na moja jioni giza.

Jumapili, 2 Novemba

Nilimwuliza. Nilijitahidi kuuliza kwa upole lakini nadhani upole haukutosha. Nilisema: lugha ya mama mkwe umeijua kwa miezi minane, yangu je?

Akafikiri kwanza. Kisha akanijibu, kwa Kiswidi kama kawaida, kwamba akikosea Kitagalog Mama Jomar anacheka na kuendelea kuongea naye, na wakishamaliza kucheka wanakuwa wamesahau kosa. Akikosea Kiswahili mimi namsahihisha, na kabla hajafika mwisho wa sentensi ameshasahau alitaka kuniambia nini. Kasema alipokuwa na miaka kumi na moja aliamua kuacha, na kwamba ilinichukua mwaka mzima kugundua.

Nikaenda kubadilisha balbu ya jikoni, ambayo ilikuwa nzima.

Jumapili, 9 Novemba

Siku imepangwa: Jumamosi ya tarehe 29 watu wa Jomar watakuja kumwomba Diane. Kumbe hata wao wana desturi hiyo. Ukoo wa mvulana unapanda nyumbani kwa msichana na vyakula, wanakaa, wanaomba. Colombe amefurahi sana, kasema Mungu ametuletea watu wenye akili. Gabrieli wa Norsborg atakuwa msemaji wetu. Hapa Stockholm hakuna Mrundi anayemfikia kwa maneno.

Kwetu msemaji wa upande wa msichana huanza kwa kukataa. Anasema mmepotea nyumba, msichana huyo hatumjui, na nyinyi wenyewe hatuwajui. Anakataa bila kutabasamu. Msemaji wa mvulana naye anajitetea, anarusha maneno, wanapimana nguvu, watu wanajizuia kucheka, na mwisho kinywaji kinafunguliwa. Asiyejua angedhani ni ugomvi.

Jioni Jomar alinipigia. Akauliza kwa adabu zake zote: Baba, kuna jambo lolote mama yangu anapaswa kujua kabla?

Nikamwambia hapana, njooni tu.

Naandika kweli kwa sababu daktari hasomi daftari hili. Nilijua kwamba mchezo huo hawaujui. Nilitaka siku moja nimsikie yule mama amekosa la kusema.

Jumamosi, 15 Novemba

Theluji ya kwanza, imeyeyuka kabla ya saa sita. Diane na mama yake wanashona. Nimeambiwa nisikaekae njiani.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimeamka saa kumi alfajiri, nimetembea hadi ziwani na kurudi. Mara mbili leo nimeinua simu nimwambie Jomar. Mara mbili nimeirudisha mfukoni.

Jumatano, 26 Novemba

Presha imepanda. Nimemwambia Colombe ni chumvi.

Jumamosi, 29 Novemba

Nitaandika yote, kwa mpangilio, hata kama mkono unakataa.

Walifika saa nane. Tuliwasikia tangu kwenye lifti. Sauti ya Mama Jomar ilipanda ghorofa sita na kuingia sebuleni kabla yake, na Colombe akaanza kucheka kwa furaha kabla hata hajafungua mlango. Walikuwa watatu: yeye, kaka yake, na Jomar aliyevaa suti. Wamebeba sufuria tatu, ya tambi, ya kuku wa siki na ya wali, na keki kubwa. Diane alikuwa amefichwa chumbani, kwa kuwa msichana haonekani hadi aombwe. Mlango umefungwa, dada wawili wa kanisani wanamlinda. Kwa hiyo mtu wa kutafsiri kwa Kiswidi nilikuwa mimi. Nilikuwa nimejipangia hivyo mwenyewe.

Gabrieli akasimama, akafunga kifungo cha koti. Akasema kwa Kiswahili, karibuni, tunawaona mmevaa vizuri, ila mmepotea. Nyumba hii haina msichana anayeitwa Diane. Watu wetu wakainamisha vichwa kuzuia kicheko. Nikatafsiri neno kwa neno, kwa sauti ya kawaida. Sikukonyeza, sikuongeza kitu.

Jomar akanitazama. "Baba?" akasema.

Nikatazama meza.

Gabrieli alisubiri ajibiwe. Kimya chao alikichukulia kuwa ni ufundi, na akafurahi kupata watu wagumu. Akaendelea kwamba hata angekuwepo, hatumtoi kwa watu tusiowajua. Ukoo una mlango wake. Baba wa kijana yuko wapi, mbona hakuja kusema mwenyewe? Au sisi si watu wa kutembelewa na mwanamume mwenye nyumba?

Gabrieli hakujua. Hakuna aliyemwambia kwamba yule baba alikufa. Aliyepaswa kumwambia nilikuwa mimi. Ningeweza kuiruka sentensi hiyo, au kuigeuza. Colombe, aliyedhani nimeshawaeleza, alikuwa amenishika kiwiko anaminya. Nikaitafsiri yote.

Mama Jomar aliweka mkoba wake sakafuni. Akamgeukia kaka yake akamwambia maneno machache, si zaidi ya manane. Wiki nane nimeisikiliza lugha hiyo ikipanda na kukimbia, kwenye simu, kanisani, nyuma ya mlango wa binti yangu, na kila mara nikasema ni ugomvi. Leo niliisikia ikishuka. Ilikuwa taratibu, chini, karibu haitoki, na pale inapokatwa kooni ilichelewa kuanza tena. Hapo ndipo nilipojua kwamba zile kelele zote zilikuwa furaha, na kwamba watu hawa wakiumia hawapigi kelele.

Alinishukuru kwa Kiswidi kwa kuwapokea. Alishukuru kwelikweli, kwa kile Kiswidi cha kuomba radhi. Akavaa koti lake jekundu. Jomar alikuja akaushika mkono wangu, akaupeleka kwenye paji la uso wake, kama siku zote, akatoka. Sufuria zikabaki mezani zinatoa mvuke.

Gabrieli alikuwa bado amesimama. Colombe akamweleza kwa maneno mawili habari ya yule baba. Akakaa, akafungua kile kifungo cha koti.

"Juvénal," akasema, "umeniwekea ubaya wako kinywani mwangu."

Diane akatoka chumbani na vitenge vyake vipya. Aliniuliza kwa Kiswidi kama niliwaambia kwamba ni mchezo. Nikasema hapana. Akauliza kama habari za baba wa Jomar nilizitafsiri kwa kusudi. Nikasema ndiyo. Alivaa koti juu ya kitenge, akachukua viatu mkononi, akashuka ngazi akiwafuata.

Watu wetu waliondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyegusa chakula.

Jumapili, 30 Novemba

Hajarudi. Majirani wamewasha taa za Adventi kila dirisha isipokuwa letu.

Jumatatu, 1 Desemba

Hajarudi. Yuko Norsborg kwa Mama Jomar. Colombe anaongea naye kwenye simu akiwa bafuni, bomba likiwa wazi.

Jumatano, 3 Desemba

Kazini nimefunga mlango wa ghala nikaacha funguo ndani. Owuor akaufungua. Aliniuliza nina nini, nikamweleza yote, na yeye ambaye huwa hakosi utani akanirudishia tu funguo.

Colombe naye amezungumza nami, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Kasema sufuria za watu haziwezi kukaa hapa, na haziwezi kurudi tupu.

Jumamosi, 6 Desemba

Colombe alipika tangu asubuhi: maharage kwenye moja, ndizi kwenye ya pili, samaki kwenye ya tatu. Nilitaka twende wote. Akaniambia, "Pardon, ile kosa si yangu."

Nikapanda treni na mikoba miwili mizito. Kutoka kwetu hadi Norsborg ni mstari mmoja, hubadilishi, na bado nilitamani treni iharibike. Nilisimama nje ya mlango wao nikisikiliza. Ndani kulikuwa kimya kabisa. Mlango ambao nyuma yake nilitegemea kelele, leo haukuwa na hata sauti ya redio.

Mama Jomar akafungua. Akazitazama sufuria, akanitazama mimi, akasogea pembeni. Sebuleni walikuwapo kaka yake pamoja na Diane. Jomar alikuwa kazini. Diane hakuinuka.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya Kiswidi kwenye karatasi. Nilisema kwamba yale ya Gabrieli yalikuwa mchezo wa desturi yetu, kwamba nilijua hawaujui, kwamba niliulizwa nikasema hakuna kitu. Nilisema habari ya baba wa Jomar ningeweza kuizuia nikaacha ipite. Nilisema naomba msamaha. Kwa Kiswidi ilikuwa mistari sita. Mama Jomar alisikiliza hadi mwisho. Akaanza kunijibu, akasimama katikati ya sentensi, akaanza tena, akasimama. Mwisho akasema kwamba Kiswidi chake kinatosha kununua na kushukuru, kwa jambo hili hakitoshi. Akamgeukia Diane akamwambia kitu.

Diane akaniambia kwa Kiswidi: anataka kusema kwa lugha yake, na nikutafsirie kwa lugha yako. Si kwa hii. Anasema usije ukasema baadaye hukuelewa.

Akaanza. Ilianza chini, ile sauti ya Jumamosi, na nikaona aibu hata kuinua macho. Kisha ikapanda. Ilipanda taratibu, ikakatika kooni, ikapanda tena, na jina la mumewe, Rodel, likapita mara tatu. Sikuelewa neno lingine hata moja. Lakini leo nilikuwa nasikiliza, na nikaweza kujua wapi anamkumbuka na wapi ananigombeza mimi. Akinyamaza, Diane alisema. Alisema Kiswahili.

"Anasema... mume yake alikufa mwaka ya pili hapa Sweden. Anasema yeye peke yake alilea Jomar. Alisafisha hoteli usiku, mchana alisoma. Anasema siku ile alivaa nguo ya kuzuri, na alikuwa anafikiri, leo Rodel angekuwa na furaha. Halafu mtu anauliza, Rodel iko wapi."

Makosa yalikuwa matano au sita. Niliyasikia yote. Nilibana meno nikayaacha yapite.

"Anasema wewe ulikuwa unajua. Anasema mtu ambaye hajui, anamsamehe bure. Wewe, hapana, si bure. Wewe utakuja tena, na watu yako yote, na wewe ndiyo utaomba. Na Gabrieli atakuja, kwa sababu yeye hakukosa."

Nikasema nitakuja. Mama Jomar akaegemea kiti, akapangusa uso. Alikuwa amemaliza. Diane hakuwa amemaliza. Aliangalia mikono yake, nikaona anatafuta maneno, moja moja, na hakwenda kuyachukua kwenye Kiswidi.

"Hii sasa siyo yake," akasema. "Hii ni yangu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Kiswidi yako nilisikia yote. Baba, sauti yako... ulikuwa unafurahi."

Nilitaka kusema hapana. Wiki nane nimewahukumu watu kwa sauti zao nikiwa nyuma ya milango, na sasa mtoto wangu alikuwa amenisikia mimi kupitia mlango, na alikuwa amesikia sawasawa.

"Ndiyo, mwanangu," nikasema. "Nilikuwa nafurahi. Nisamehe."

Mama Jomar akauliza nimesema nini. Diane akamwambia, na mwisho wa sentensi akaweka ile po ya adabu, ingawa alikuwa analia. Mama Jomar akainuka. Kisha akafunua sufuria ya kwanza, akaangalia maharage, akamtuma kaka yake alete sahani nne.